Video yangu imeibwa: nimdai nani?

SWALI: Mtu amepakia YouTube video yangu ya mafunzo ya kushona. Je, naweza kuidai fidia YouTube yenyewe?

JIBU: Ni vigumu. Sheria ya Marekani ya 1998 inaikinga kampuni isilipe fidia kwa kosa la mtumiaji, mradi haikujua video hiyo mahususi ni ya wizi na iliiondoa haraka ilipoarifiwa. Viacom, kampuni ya Marekani ya filamu na televisheni, iliishtaki YouTube mwaka 2007 ikidai zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilisema kujua kijumla kwamba wizi upo hakutoshi kuiondolea kampuni kinga hiyo. Kesi iliishia kwa suluhu mwaka 2014.

Kwa hiyo itumie YouTube notisi, yaani ombi rasmi la kuondoa video hiyo. Weka jina lako kamili kama saini, mawasiliano, maelezo ya kazi yako, tamko kwamba hukutoa ruhusa, na kiungo cha video yenyewe. Wengi hukwama hapo: hutuma kiungo cha chaneli nzima, na hakuna kinachoondolewa. Aliyepakia akipinga rasmi, fungua kesi dhidi yake ndani ya siku 10 za kazi, la sivyo video hurudishwa. Na usidanganye; notisi ya uongo yaweza kukugharimu wewe.