Maji yanachemka nyuzi 100? Inategemea unapikia wapi

Maswali ya jikoni yamekuwa mengi safari hii, twende nayo.

Nimehamia Njombe kutoka Dar, maharage hayaivi, gesi inaisha tu. Nauziwa maharage ya zamani au?

Inawezekana, ila mie nadhani ni mwinuko dada yangu. Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda presha ya hewa inayoyakandamiza kwa juu, sasa Dar uko usawa wa bahari, hewa nzito, mpaka yafike nyuzi 100 ndo yanachemka, Njombe uko karibu mita 2,000 hewa ni nyepesi so yanachemka kwenye 93 hivi. Na yakishachemka hayapandi tena, hapo ndo wengi tunapopigwa, unaona sufuria inatokota kwa fujo unajua moto umekolea kumbe maharage yanapikwa kwenye 93 ileile mpaka jioni. Piga hesabu ya nyuzi moja kila ukipanda kama mita 300. Loweka usiku kucha, na ukijaliwa nunua presha kuka, ile inafungia mvuke ndani, presha inapanda na maji yanafika mpaka karibu 120. Kwa watu wa nyanda za juu hiyo kwangu sio anasa kabisa, inarudisha hela yake kwenye gesi.

Mama mkwe anaweka magadi, mie naweka chumvi mapema. Nani anaongeza joto?

Hakuna. Magadi yanasaidia kweli lakini kazi yake ni kulainisha maganda ya maharage, joto liko palepale. Chumvi ndo kabisa, ili lita moja ipande nyuzi moja tu unahitaji kama gramu 58, hiyo ni vijiko vikubwa vitatu, nani atakula?

Nikiongeza moto si yataiva haraka?

Yakishachemka hapana, unakausha maji tu. Punguza moto, funika, yaendelee taratibu.

Tulipofika Kibo Hut kule Kilimanjaro tulipewa chai imetoka jikoni inachemka lakini nikainywa bila kupuliza. Walitudanganya?

Hawajakudanganya kaka, pale ni zaidi ya mita 4,700, maji yanachemka kwenye 85 tu, na Uhuru Peak yangechemka kwenye 81 hivi. Halafu na ile baridi kikombe kinapoa fasta.

Maji ya kunywa nichemshe dakika ngapi? Nyumbani tunaacha nusu saa. Nipo Arusha.

Nusu saa mnachoma mkaa bure jamani. Yakitokota kweli sufuria nzima, sio vile vipovu vidogo vya mwanzo (ile ni hewa inatoka), dakika moja inatosha, ukiwa juu ya mita 2,000 acha tatu. Wadudu wanaanza kufa hata kabla hayajachemka.

Ila kwa kuwa upo Arusha naomba unisikilize hapa, kuchemsha hakuondoi floraidi, yale madini yanayoacha meno ya watoto ya kahawia. Ukichemsha muda mrefu maji yanapungua floraidi inabaki, kwahiyo inakuwa kali zaidi. Kama kisima chenu kina shida hiyo tafuteni chanzo kingine au chujio la mkaa wa mifupa, hasa kama kuna watoto ambao meno ya ukubwani bado hayajaota.