Maswali ya Wasomaji: Fedha za shule, mtaa na halmashauri

Barua nyingi tulizopokea zinahusu shule za msingi za mijini na hela zake. Tumechagua tano. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Tuliambiwa elimu ni bure, lakini kila muhula mtoto anarudi na karatasi: mlinzi, maji, mitihani ya majaribio. Kwani Serikali haileti hela?
*Mzazi, Mwanza*

Inaleta, ila ni ndogo kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kiwango hicho ni cha enzi za MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, wakati mfuko wa saruji na boksi la chaki vilikuwa na bei nyingine kabisa. Katika hiyo 10,000, sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Sh 6,000 ndiyo huingia kwenye akaunti ya shule, kidogokidogo kila mwezi. Kwa hiyo ni sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 900 inapata sh 450,000, na humo zitoke chaki, karatasi, mitihani ya ndani, michezo na kitasa cha mlango kilichovunjika. Mlinzi wa sh 150,000 peke yake angekula theluthi. Hapo ndipo karatasi ya michango inapozaliwa.

Lakini sababu ya kuomba haimpi mtu ruhusa ya kulazimisha. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 uliotafsiri elimumsingi bila ada unakataza mchango wa lazima, na unaacha mlango wa mchango wa hiari unaokubaliwa na jamii yenyewe. Januari 2018 Rais Magufuli aliongeza agizo kwamba walimu wasiguse michango. Anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango hakuruhusiwi hata kama wazazi wote wengine wamelipa.

Karatasi ikija, usianze na ugomvi. Omba kuona vitu vitatu: muhtasari wa kikao cha wazazi pamoja na orodha ya mahudhurio, idhini ya halmashauri kwa maandishi, na stakabadhi inayotolewa kwa anayelipa. Maneno “tulikubaliana kikaoni” bila orodha ya waliokuwepo hayana uzito wowote. Mtoto akirudishwa, andika barua siku hiyohiyo kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa mkurugenzi, ukitaja darasa, tarehe na kiasi kilichodaiwa. Malalamiko ya mdomo hufa getini.

Swali jingine la kumuuliza mwalimu mkuu kwa upole: ruzuku inakokotolewa kwa wanafunzi wangapi, na waliopo darasani ni wangapi? Shule za pembezoni mwa miji hukua haraka kuliko takwimu zake, na pengo hilo linazibwa kwa kurekebisha takwimu. Kuwakamua wazazi hakulizibi.

Wananchi tulichanga tukasimamisha vyumba viwili vya madarasa hadi lenta. Mwaka wa tatu sasa halmashauri inasema “subirini bajeti”. Tunasubiri nini hasa?
*Mjumbe wa kamati ya shule, Mbeya*

Yawezekana mnasubiri kitu ambacho hakijawahi kuombwa. Boma, yaani kuta zisizo na paa, linaonekana kwa macho na kila mtu analijua, kwa hiyo watu huamini limo kwenye mpango. Kumbe kwenye vitabu vya halmashauri halipo, au lipo kwa jina la “ukarabati wa shule za msingi” lisilotaja shule yoyote. Anzeni na afisa mipango: mwombeni awaonyeshe mstari wenye jina la shule yenu katika bajeti ya mwaka huu. Kama haupo, kazi inaanzia mtaani.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mlango wa kuingia kwenye bajeti hufungwa mapema mno kuliko watu wanavyofikiri. Mwongozo wa bajeti kutoka Hazina hutoka karibu na Novemba, wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu Desemba na Januari, na Baraza la Madiwani hupitisha Januari au Februari. Baada ya hapo inapanda mkoani, inajadiliwa na wizara, na Bunge linaipokea kuanzia Aprili. Anayekumbuka boma lake mwezi Machi amechelewa kwa mwaka mzima. Ili mwende na mwendo huo, mkutano wa mtaa ufanyike Julai au Agosti, na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC, ikae kabla Oktoba haijaisha.

Bahasha yenu iwe na muhtasari wa kamati ya shule, muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari wa WDC unaolitaja boma kama kipaumbele namba moja au mbili, picha za boma, orodha ya michango iliyokwisha kutolewa (fedha, tofali, nguvukazi), na makadirio ya mhandisi wa halmashauri, yale mafundi wanayoyaita BOQ. Makadirio ya fundi wa mtaani hayapokelewi.

Huyo mhandisi ndiye mtihani wenyewe. Maboma mengi hayakwami kwa kukosa fedha, yanakwama kwa sababu mhandisi anakataa kuyawekea saini: chumba ni kifupi kuliko ramani ya wizara, msingi haukuchimbwa hadi udongo mgumu, lenta ilimwagwa bila nondo za kutosha, au eneo halina hati wala barua ya kuonyesha ni mali ya shule. Boma lililokaa masika matatu bila paa lina ugonjwa wake pia. Maji huingia kupitia kozi (mistari ya tofali) za juu na nondo zilizochungulia hushika kutu. Funikeni juu ya ukuta kwa turubai au upigieni plasta nyepesi ya saruji, na mwambieni mhandisi aje sasa, kabla hamjatumia hata shilingi nyingine. Akisema kozi mbili zibomolewe, ni afadhali kubomoa kozi mbili leo kuliko kuezeka juu ya ukuta ambao hatausaini.

Serikali imekuwa ikitumia kiwango cha sh milioni 12.5 kumalizia chumba kimoja kilichofika usawa wa boma, yaani kupaua, plasta, sakafu, milango na madirisha. Vyumba vyenu viwili ni sh milioni 25. Fedha inaweza kutoka kwenye mapato ya ndani, ambako sehemu fulani hutakiwa kwenda kwenye maendeleo kutegemea uwezo wa halmashauri. Au kwenye ruzuku ya maendeleo kutoka Serikali Kuu. Au kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009 na ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Mfuko wa jimbo unafaa zaidi kwa mabati, misumari na saruji. Si rahisi umalize vyumba viwili. Gawanyeni ombi kwa hatua: kupaua kwanza. Boma lenye paa linaweza kungoja plasta bila kuoza.

Shule yenu inahudumia mitaa mingapi? Ikiwa ni mitatu, pateni mihtasari mitatu inayotaja boma lilelile. Kwenye WDC kila mwenyekiti wa mtaa hutetea chake, huyu kalavati, yule kisima, na shule ya wote hugeuka shule ya hakuna.

Jambo moja linalowauma wengi: kupitishwa bajeti si kupata fedha. Mradi wa mapato ya ndani hulipwa kadiri ushuru unavyokusanywa, na halmashauri ikikusanya pungufu, miradi ndiyo hukatwa kwanza kwa sababu posho na dizeli haviwezi kungoja. Ndiyo maana diwani asiishie kusema “imepita”. Kamati ya Fedha ya halmashauri hukaa kila mwezi. Humo aulize boma letu limepangiwa robo ipi.

Je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kwenye Baraza la Madiwani?
*Msomaji, Dodoma*

Ndiyo. Mikutano ya Baraza ni ya wazi, isipokuwa pale Baraza linapoamua kukaa kama kamati. Unakaa upande wa wageni, unasikiliza, husemi. Mkutano wa kawaida huwa kila robo mwaka, na tarehe utaipata kwa mtendaji wa kata. Siku yenye faida kwa mtu wa shule ni ile ya taarifa za kata, maana hapo diwani wako anasoma mbele ya meya na wataalamu kilichofanyika kwenye kata. Nenda na nakala ya taarifa hiyo uilinganishe na unachokiona mtaani. Kamati za kudumu, ile ya huduma za jamii inayoshughulika na elimu na afya ikiwemo, hazina viti vya wageni kwa kawaida, na ndiko mambo mengi yanakoamuliwa. Kwa hiyo mfuate diwani kabla ya kikao.

Darasa jipya linajengwa kwa “force account”. Tunaona saruji inaingia usiku, hatuoni hesabu. Nani anatakiwa kutuonyesha?
*Mkazi, Dar es Salaam*

Kwa utaratibu huo shule hainunui mkandarasi. Inanunua vifaa na kumlipa fundi ufundi tu. Mzigo wa usimamizi hubebwa na kamati tatu zenye watu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja akiwa kwenye mbili kati ya hizo, tayari kuna tatizo, kwa sababu anayenunua anajipokelea mwenyewe. Tangu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, manunuzi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo kila mzabuni na bei yake vina kumbukumbu.

Vya kuomba kuona: makadirio ya mhandisi, mkataba wa fundi, hati za kupokelea mzigo, na leja ya stoo. Leja ndiyo inayosema ukweli. Saruji iliyoingia, toa iliyotoka, lazima iwe sawa na mifuko iliyopo stoo siku unayohesabu. Mzigo wa usiku si kosa, malori ya Dar yanajulikana; kosa ni kupokelewa na mlinzi badala ya kamati ya mapokezi.

Kwa macho tu unaweza kubaini mengi. Mfuko wa kilo 50 hutoa tofali za inchi 6 zipatazo 30 hadi 35. Ukisikia zimetoka 50, mchanga umezidi. Tofali zimwagiwe maji siku saba. Ukikwangua kwa msumari zikamwagika kama sukari, mwite mhandisi kabla ukuta haujapanda.

Wakikataa kukuonyesha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Andika ombi lako kwa mkurugenzi, taja hati moja moja kwa jina; ombi la “hesabu zote za shule” ni rahisi kulizungusha. Ukishuku wizi, mkaguzi wa ndani wa halmashauri ndiye wa kwanza, kisha TAKUKURU. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, hukagua pia, lakini ripoti yake hutoka wakati rangi ya darasa imeshakauka.

Mwenyekiti wa mtaa hutangaza michango ya shule kwenye ofisi ya tawi la chama chake. Sisi wa chama kingine tunaambiwa baadaye. Ni halali?
*Mkazi, Arusha*

Chama kina haki ya kuwachangisha wanachama wake. Hakina haki ya kuwachangisha wakazi. Chombo cha wakazi ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana nafasi yake, awe na kadi ya rangi gani au asiwe nayo. Mwenyekiti anauongoza, lakini anayeandika muhtasari ni mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa umma. Swali la kuuliza basi ni fupi: muhtasari uko wapi, na mtendaji ameusaini lini? Kama hakuna, hakuna mchango wa mtaa.

Upande wa pili wa shilingi hausemwi sana. Wapinzani nao huususia mkutano wa mtaa kwa hasira, halafu uamuzi hupita na watu ishirini. Nendeni, jiandikisheni kwenye mahudhurio, na mkitofautiana ombeni hoja yenu iandikwe. Kwenye WDC mambo ni hayohayo: diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Diwani wa chama kimoja na wenyeviti wa kingine wanaweza kuvutana mwaka mzima. Katika mivutano hiyo, ombi lenye makadirio ya mhandisi na mihtasari iliyosainiwa ni gumu kulikataa hadharani, kwa sababu anayelikataa naye jina lake litaandikwa kwenye muhtasari.