Kwanza semeni nani alimpa umeya

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, meya aliyeliweza jiji anafaa kupewa nchi?", limenigusa pabaya. Sisi wa Dar hata huyo meya hatumchagui, wanatuchagulia madiwani, na waliofuatilia vurumai za uchaguzi wa meya pale ukumbi wa Karimjee mwaka 2016 hawahitaji maelezo. Jiji lenyewe linaendeshwa na mkurugenzi wa kuteuliwa. Meya tumpime kwa lipi, joho?

Nitajibu kwa meya ninayemjua: M. K. Stalin wa Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, nilikosoma. Kule nako mwenye mamlaka ya kila siku ni kamishna anayeletwa na serikali ya jimbo. Lakini mwaka 1996 wakazi walimpigia Stalin kura wenyewe, meya wa kwanza wa jiji hilo kupatikana hivyo. Akajenga madaraja ya juu, wakamwita baba wa jiji.

Sasa sikilizeni ya 2001. Mwezi Mei, baba yake, Karunanidhi, aliyekuwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, alishindwa uchaguzi wa jimbo na hasimu wake Jayalalithaa akarudi madarakani. Usiku wa kuamkia Juni 30 polisi wakamfuata mzee nyumbani, ana miaka 77, kwa tuhuma za madaraja yale yale ya mwanawe. Hosteli nzima tukajazana mbele ya televisheni. Sun TV, ya jamaa zake, inarudia picha zile zile: mzee anaburutwa, anapiga kelele kwamba wanamuua. Baadaye Jaya TV, ya upande wa Jayalalithaa, ikarusha mkanda wa polisi, na humo wakorofi ni watu wa mzee. Mpishi wetu, damu ya DMK, chama cha mzee, akakataa stesheni kubadilishwa. Tukala wali na sambar, mchuzi wa dengu, ya jana, iliyopoa, huku tukibishana kuhusu nchi isiyo yetu. Mawaziri wawili wa serikali kuu, Murasoli Maran na T. R. Baalu, nao walikamatwa. Stalin akajisalimisha.

Najua nimekaa mno hapo. Nilichotaka kusema ni cha Oktoba: wananchi wale wale walimrudisha umeya, na kesi iko shingoni. Mwaka uliofuata serikali ya Jayalalithaa ikapitisha sheria ya kuzuia mtu mmoja kushika viti viwili vya kuchaguliwa, na Stalin alikuwa pia mbunge wa jimbo. Wakafika Mahakama Kuu. Mwisho wa yote umeya ukamtoka.

Nilikaa kuandika nikiwa na jibu tayari: apewe nchi, mradi umeya alipewa na wananchi. Kumbe siwezi kuruka ya 2006. DMK iliporudi, Stalin mwenyewe akiwa waziri wa serikali za mitaa, uchaguzi wa meya ulirudishwa kwa madiwani. Akawa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu mwaka 2021, na mwaka uliofuata Priya Rajan, mwanamke wa kwanza wa Kidalit, tabaka lililobaguliwa tangu zamani, kuwa meya wa Chennai, alipatikana kwa kura za madiwani. Pengine alichojifunza umeyani ni kwamba meya mwenye kura zake mwenyewe humsumbua mkubwa wake.

Basi jibu langu ni hapana, nadhani. Ingawa Oktoba ile ningekuwa na haki ya kupiga kura Chennai, ningempa yeye. Mwanawe Udhayanidhi, aliyefanywa Naibu Waziri Kiongozi mwaka 2024 bila kupitia umeya wowote, nisingempa.