Mafundi wanajibu: jenereta ya mazutu nyumbani

*Jenereta yangu ya mazutu (dizeli) ni ya KVA 5 (kipimo cha uwezo wa umeme), silinda moja. Inawaka vizuri, lakini baada ya dakika kumi hivi inaanza kusuasua, kisha inazima. Fundi anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Nifanye nini? Mama Furaha, Himbi, Goma*

Mama, pesa ya pampu iweke kwanza. Injini inayowaka vizuri halafu ikazima yenyewe mara nyingi inakosa mafuta njiani. Ikianza kusuasua, legeza kifuniko cha tangi. Ikirudia nguvu, basi katundu ka hewa kwenye kifuniko kameziba. Kazibue kwa sindano, kazi imeisha.

Kama hakuna kilichobadilika, zima mashine, iache ipoe, funga koki, chomoa mpira unaotoka kwenye filta, kisha fungua koki mafuta yamwagikie kwenye chupa safi inayoonyesha ndani. Yanatakiwa kutoka mfululizo. Yakidondoka tone kwa tone, filta imeziba: weka mpya, usiioshe kwa esansi (petroli). Iache chupa itulie nusu saa. Ukiona mstari chini, kama matabaka mawili, hayo ni maji, na hapo ndipo pampu inapoharibikia. Pampu ya mazutu hailainishwi na oili bali na mazutu yenyewe. Maji yakiingia, vyuma vyake vinashika kutu na kukwaruzana. Mazutu iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo inaichakaza, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Kwa hiyo mazutu ya bei ya chini sana kandokando ya barabara tunaiogopa.

Maji huja na bidoni (dumu la mafuta), au hutokana na tangi kubaki nusu tupu usiku kucha: hewa iliyo ndani inapoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta za tangi na kushuka chini. Jaza tangi jioni, injini ikishapoa. Bidoni iache itulie siku nzima kabla ya kumimina, na mpira wa kunyonyea usiguse chini. Uache nafasi ya vidole vinne. Tangi lenyewe limwage kupitia bolti ya chini.

Ukimaliza, toa hewa, la sivyo haitawaka. Fungua koki, legeza skrubu ya juu ya filta kama ipo hadi mapovu yaishe, uifunge. Kisha legeza nati ya bomba la injekta (inayopuliza mazutu ndani ya silinda) nusu mzunguko, inua mkono wa dekompresheni (unaopunguza mgandamizo ili injini izunguke kwa urahisi), zungusha injini hadi mazutu itoke bila povu, kaza. Usiweke kidole mbele ya injekta: mazutu inatoka kwa shinikizo la kutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata likionekana dogo.

*Mashine ni mpya, lakini nikiwasha friji na sahani ya umeme ya kupikia pamoja, inatoa moshi mweusi. Nimeuziwa mbovu? Msomaji wa Katindo*

Si lazima, ndugu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Mashine ya KVA 5 ihesabu kama ya 4 na kitu. Sahani peke yake inaweza kula wati 1,500 au 2,000, na friji inapoanza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Washa friji kwanza, itulie, ndipo sahani. Angalia pia filta ya hewa, maana vumbi letu jeusi la lava ni kali: sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi.

Ila usiiwashe usiku kucha kwa balbu mbili na simu. Bila mzigo silinda haipati joto, mazutu haiungui yote, na bomba la moshi linatoa uchafu mweusi wenye mafuta. Ipe angalau nusu ya uwezo wake.

*Oili ibadilishwe lini?*

Mashine mpya, baada ya saa 20. Kisha kila saa 100. Tumia oili ya aina ya 15W-40. Ya zamani imwagwe ikiwa ya moto, na kiasi cha mpya kipimwe kwa stiki yake, mashine ikiwa mahali pa usawa.

*Tumeiweka kwenye shimo nyuma ya nyumba ili kelele ipungue. Kuna ubaya? Baba Amani, Kyeshero*

Itoeni leo, Baba. Hapa kwetu mazuku, ile gesi ya volkano inayotoka ardhini, hukaa mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri pasipo upepo. Ni kaboni dioksaidi, nzito kuliko hewa, na haionekani. Ukiongeza moshi wa injini, wenye monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, anayeshuka kuzima mashine anaweza asipande. Akianguka mtu humo, asishuke mwingine kumfuata. Avutwe kwa kamba kutoka juu kama inawezekana, na watu waite msaada. Mashine ikae juu, penye paa lisilo na kuta, mbali na madirisha, bomba la moshi likielekea nje ya uwanja. Kelele ipunguzeni kwa kuweka raba nene chini ya miguu yake.