Ulipima Hewa au Ulipima Miti? Kwa Wanaoanza Kuchunguza Likeni Mombasa

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuhesabu likeni, zile ukoko na ndevu za kwenye magome ya miti ambazo hupungua hewa ikichafuka, nilichagua minazi 12 ya Nyali, mtaa wa ufukweni, na miarobaini 12 ya Changamwe, mtaa wa viwanda, nikahesabu kwa bidii kwa wiki mbili, kisha nikarudi na jedwali lililoonyesha kwamba Nyali ina spishi nyingi na Changamwe ina chache. Nilijiona nimekwisha kuthibitisha uchafuzi wa hewa. Mama aliyekuwa akitunza vielelezo vyetu alilitazama jedwali lile kwa muda mfupi, akaniuliza, "Mwanangu, ulipima hewa au ulipima miti?" Nilikaa kimya, kwa sababu gome la mnazi na gome la mwarobaini ni vitu viwili tofauti, na hata kama hewa ya mitaa ile miwili ingekuwa moja, hesabu zangu zisingelingana. Mengi ninayowaandikia hapa yametokana na swali lile.

Likeni, ambayo wengine huiita kuvumwani, si mmea. Ni kuvu anayeishi pamoja na mwani, au pamoja na bakteria wa kijani-buluu, katika umbo moja. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, ndiye aliyeutetea ukweli huo katika miaka ya 1860, na wenzake wengi wakamkejeli. Kwa kazi yetu, jambo kubwa ni kwamba likeni haina mizizi wala haina ngozi ya nta kama ile inayolifunika jani la mwembe. Maji na chumvichumvi huvipata kutoka kwenye mvua, umande na vumbi, na chochote kilichomo hewani huingia mwilini mwake bila kizuizi. Salfa dioksaidi huiharibu klorofili ya mwani aliyemo ndani, na kuvu akikosa chakula kutoka kwa mwani naye hufa. Risasi na metali nyingine nzito hunasa na kujilimbikiza, ndiyo maana kipande kidogo cha likeni kikipelekwa maabara kinaweza kutoa habari za miaka mingi.

Habari hizi si mpya. Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander alieleza kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris ilikuwa na likeni ambazo hazikuonekana penginepo mjini humo, na mwaka 1970 watafiti Hawksworth na Rose wakatoa kipimo cha ngazi kuanzia 0 hadi 10 cha kukadiria salfa dioksaidi katika Uingereza na Wales kwa kutazama likeni za kwenye miti. Wanafunzi wengi hukipata kipimo hicho, wakakipenda kwa urahisi wake, na kutaka kukitumia Mombasa kama kilivyo. Msifanye hivyo. Kilitengenezwa kwa spishi za kule, miti ya kule na moshi wa makaa ya mawe wa zama zile. Kinachoweza kuhamishwa ni mbinu ya kuhesabu, wala si jedwali la majibu.

Mbinu ninayowashauri ni ile ya ngazi ya waya. Tengeneza fremu nyembamba yenye miraba 5 iliyopangana wima, kila mmoja sentimita 10 kwa 10, uifunge kwenye shina huku ukingo wake wa chini ukiwa mita 1 kutoka ardhini, kisha uhesabu kila spishi imeonekana katika miraba mingapi. Rudia upande wa kaskazini, mashariki, kusini na magharibi wa shina lilelile. Jumlisha kwa kila mti, tafuta wastani wa kituo, na hapo utapata namba unayoweza kuilinganisha na ya kituo kingine, mradi miti iwe ya aina moja, unene unaokaribiana, iliyosimama wima na inayopata mwanga sawa. Mwarobaini unafaa kwa kuwa unapatikana karibu kila mtaa, kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Mvinje msiutumie, gome lake hubanduka na kuondoka na likeni zake. Miti ya kando ya barabara iliyopakwa chokaa muiruke pia, hata kama mmetembea kilomita nzima kuifikia.

Sasa majina, ambayo ndiyo huwatia wageni hofu. Likeni kwa umbo ni za aina tatu: zilizogandama gomeni kama ukoko chini ya sufuria, zilizotandaza vipande kama majani, na zinazosimama au kuning'inia kama kijiti au ndevu. Ukanda wetu wa joto, ulio chini karibu na bahari, una ukoko mwingi kuliko maumbo mengine, nanyi mtaona kwenye magome laini mistari myeusi kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, ambayo ni Graphis na ndugu zake. Mwongozo wa Swinscow na Krog wa mwaka 1988 kuhusu Afrika Mashariki unasaidia mno kwa zile za majani na ndevu, kama vile Parmotrema, Dirinaria, Ramalina na Usnea, lakini ukoko haumo. Kwa hiyo msipoteze siku tatu kwenye ukoko mmoja. Upeni alama ya muda, U1, U2, U3, wekeni kielelezo na picha kwa kila alama, na mtumie alama hizo bila kuzibadili mpaka mwisho. Mimi naiamini zaidi orodha ya alama iliyoshikwa kwa uaminifu kuliko majina mazuri ya Kilatini yaliyobahatishwa.

Jihadharini vilevile na vinavyofanana na likeni. Ile rangi ya machungwa inayotanda kwenye kuta zenye unyevu na kwenye mashina huweza kuwa Trentepohlia, ambayo ni mwani mtupu unaoishi peke yake, ijapokuwa jamaa zake wamo ndani ya likeni nyingi za kwetu. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 itawaonyesha nyuzinyuzi badala ya ukoko. Kwa vipimo vya kemikali, vya kutambua spishi kwa kubadilika rangi, dawa ya kung'arisha nguo kama Jik hutosha kwa kipimo kimoja, lakini kwa joto letu huisha nguvu upesi. Ifungueni mpya mara kwa mara na muijaribu kwanza kwenye likeni mnayoijua. Vielelezo viwekwe katika bahasha za karatasi, kamwe visiwekwe katika mifuko ya plastiki, kwani unyevu wa Pwani utaviotesha ukungu kabla ya Ijumaa.

Kuhusu kuzisoma namba, hapa ndipo wengi hupotea. Vumbi la saruji na la mawe ya matumbawe lina asili ya chokaa, nalo likitua kwenye gome hupunguza asidi yake, na kuzipendelea spishi zinazopenda hali hiyo. Matokeo yake, mti uliojaa vumbi unaweza kuwa na likeni nyingi kuliko mti wa mahali safi. Mtu anayehesabu idadi pekee atasema hewa ni nzuri. Ni lazima mtazame ni spishi zipi, si ngapi tu. Chumvi ya bahari nayo ina kazi yake: miti inayopigwa na upepo wa ufukweni ina jamii yake, na baadhi ya zilizomo, kama Roccella, zimezoea bahari kabisa. (Ni Roccella hiyo iliyouzwa Ulaya kutoka pwani zetu katika karne ya 19 kwa ajili ya rangi ya zambarau, na ndiyo asili ya litimasi mliyoitumia shuleni.) Kituo cha kulinganishia, basi, kiwe umbali uleule kutoka baharini.

Pepo pia ziandikwe. Kusi ikivuma, moshi wa Changamwe husukumwa kuelekea bara, upande wa Mikindani na Jomvu. Kaskazi ikishika zamu, hugeuka kuelekea Port Reitz na ng'ambo ya kusini. Vituo vilivyopangwa upande mmoja tu huisema nusu ya mwaka. Tena likeni hukua polepole, na zikishaondoka huchelewa kurudi. Usafishaji wa mafuta ghafi Changamwe ulisimama mwaka 2013, malori ya bandarini yangali yakipita, na gome moja linabeba habari za vipindi vyote viwili kwa pamoja. Andikeni hivyo katika ripoti, msiseme "hewa ya leo".

Kwa mahali pasipo viwanda, Shimba Hills inavutia, ila iko juu na ina ukungu mwingi kuliko kisiwani, hivyo tofauti yake na Mombasa haiwezi kutwikwa moshi pekee. Baadhi ya misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, iko chini na karibu zaidi na bahari. Huko, pamoja na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mnahitaji idhini ya wazee, na utaratibu wao ndio utakaofuatwa: Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki, na hakuna kinachotolewa msituni, hata kijiti kilichoanguka. Kisu hubaki kwenye gari. Mnahesabu kwa fremu, mnapiga picha, na alama yoyote msiyoweza kuitambua kwa lenzi mnaiandika hivyohivyo, "haikutambulika", na mzee aliyewasindikiza mnamsomea orodha kabla ya kuondoka.