Iringa kwa baiskeli ya mbio: gia, breki na mpangilio wa Isimila, Lugalo na Kalenga

Mkuu, umeuliza kama baiskeli ya mbio yenye meno 53/39 mbele na 12-25 nyuma, tairi za upana wa milimita 23, inafaa kwa siku 3 za Iringa: kupanda mlima Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni, kisha Lugalo, Isimila na Kalenga. Baiskeli inafaa. Gia haifai, tairi hazifai, na Kitonga waachie mabasi.

Tuanze na gia, maana ndiyo inayoharibu safari za wengi. Meno 39 kwa 25 yanakusogeza mita 3.3 hivi kila pedeli inapozunguka mara moja. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, ukizungusha mara 60 kwa dakika, huo ni mwendo wa karibu kilomita 12 kwa saa. Kama wewe, baiskeli na maji mna kilo 85 kwa jumla, miguu inatakiwa itoe karibu wati 240 mfululizo. Wachache wanaziweza kwa nusu saa. Wengine hushuka hadi mizunguko 40 kwa dakika, mzigo wote unahamia magotini, na kesho yake ngazi za gesti hazipandiki. Weka 34 mbele na 32 nyuma: mwinuko uleule unaupanda kwa kilomita 8 kwa saa, kwa wati 160 tu. Kumbuka pia mji uko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar pumzi itamkatika mapema siku ya kwanza.

Ukibadilisha kaseti (fungu la meno ya nyuma), usiishie hapo. Deraila (kifaa kinachohamisha mnyororo) fupi ya nyuma, iliyotengenezwa kwa meno 25 hadi 28, haiwezi 32. Tafuta yenye mkono wa kati au mrefu. Mnyororo nao upimwe upya: uzungushe kwenye sahani kubwa ya mbele na sahani kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye deraila, ongeza vipande 2, kata hapo. Ukibaki na mnyororo wa zamani, siku utakayokosea ukaingiza kubwa kwa kubwa, deraila inang'oka pamoja na sikio lake la fremu. Fanya kazi hii nyumbani, baiskeli ikiwa imening'inizwa. Mafundi wa Iringa ni hodari kwa Phoenix na baiskeli za mzigo, ila vipuri vya gia za mbio usivitegemee huko.

Tairi: 28 kama fremu inaruhusu, 25 kama hairuhusi. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 70 mbele na 78 nyuma unatosha kwa 28. Watu hujaza 110 wakidhani ndiyo wepesi, kumbe kwenye lami iliyopigwa viraka baiskeli inarukaruka na kupoteza mwendo. Beba tyubu 3 na viraka, maana madukani utakuta zaidi za 28 x 1½ na za pikipiki. Halafu kuna kitu kidogo sana ambacho watu husahau: mdomo wa tyubu zako ni ule mwembamba, na pampu za mafundi wa bodaboda hazishiki. Nunua kiungio cha shaba cha kugeuza mdomo, kifunge kwenye tyubu moja ya akiba kisipotee.

Pancha nyingi za barabara kuu hazitokani na miiba. Zinatokana na nyaya nyembamba za chuma kutoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Waya huo ni mwembamba kama unywele, na mara nyingi hujitokeza ndani pale tairi inapobeba uzito tu. Unabadilisha tyubu, unapapasa, huoni kitu, kilomita 5 mbele upepo umekwisha tena. Ukitoa tyubu ilinganishe na tairi kuanzia pale kwenye mdomo, ujue tundu lilikuwa upande gani. Ikunje tairi mahali hapo iwe ndani nje, pitisha kipande cha pamba. Nyuzi zitanasa. Ung'oe waya kwa kikucha au kikoleo chembamba. Usukume kutokea ndani, kwa nje utakatika ubaki nusu.

Sasa Kitonga. Mlima wenyewe, ukiwa na gia sahihi, unapandika. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, barabara ina kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine bonde. Lori linalopanda linakwenda karibu mwendo wako, kwa hiyo hulipiti wala halikupiti, unameza moshi wake. Nyuma yake basi linatafuta nafasi ya kupita kwenye kona isiyoonekana mbele. Kushuka ndiko kubaya zaidi: dizeli na oili zilizomwagika konani, na malori ambayo breki zake zinanuka kabla hujayaona. Panda basi hadi mjini. Vua gurudumu la mbele na pedeli, laza baiskeli kwenye buti deraila ikitazama juu, na uwepo mwenyewe wakati wa kupakia, kwa sababu gunia la mtu halijui deraila ni nini.

Mjini kuwe kambi, utoke na kurudi. Mji uko juu ya ukingo, barabara kuu inapita chini, Ipogolo, karibu na Ruaha Mdogo. Maana yake kila safari ya Isimila au Lugalo inaanza kwa mteremko mwili haujachangamka, na inaishia kwa mwinuko mfupi mkali miguu ikiwa imechoka. Bakiza maji na ndizi moja kwa ajili ya hapo.

Siku ya kwanza Isimila, kama kilomita 20 njia ya Mbeya, halafu kipande kifupi cha vumbi. Ni eneo la zana za mawe za kale. Uchimbaji wa mtafiti Mmarekani Clark Howell ulifanyika 1957 na 1958, na umri unaotajwa sana ni miaka kama 260,000. Utaona mashoka ya mkono na vipasulio vya mawe, kisha mwongozaji anakushusha korongoni kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Viatu vyenye kileti (vibao vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedeli) za plastiki za barabarani vitakutesa huko: vinateleza kwenye ngazi na kileti zinalika kwa mchanga. Beba kandambili nyepesi mgongoni au tumia viatu vya kileti za chuma zilizozama. Mvua ikiwa imenyesha juu, usishuke korongoni hata kama kwako jua linawaka.

Siku ya pili ndiyo ndefu: Lugalo, na ukiwa na nguvu endelea hadi Ilula, kwenda na kurudi inakaribia kilomita 95. Njia haina mlima mmoja mkubwa, ni panda-shuka isiyokoma, na hiyo huchosha zaidi kwa sababu huwezi kushika mwendo. Toka saa 12 na nusu asubuhi. Kiangazi upepo wa mashariki na kusini-mashariki huongezeka kuelekea mchana. Unaenda nao usoni ukiwa bado mdogo, unarudi ukikusukuma. Mnara wa Lugalo uko karibu na barabara, rahisi kuupita bila kuuona ukiwa unateremka kasi. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikivamia kikosi cha kamanda Mjerumani Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, kikiwa safarini msituni. Aliuawa yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Kwenye baiskeli unalielewa pambano lile kuliko kwenye basi: ardhi inavyokunjamana, msafara mrefu wa watu na punda usingeweza kuonana mbele na nyuma. Ilula kuna nyanya na vitunguu kila upande, na chai na chapati. Kula hapo, gramu 40 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mwendo ndicho kipimo. Chapati moja na ndizi moja vinakutosha saa moja.

Barabara kuu ina matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo) kila kijiji. Rasta zipite umesimama kidogo juu ya pedeli, viwiko vikiwa vimelegea; ukikaa kitako spoku za nyuma ndizo zinazobeba. Funga kioo cha pembeni na washa taa nyekundu ya nyuma mchana kweupe. Ukiona mabasi mawili yanakuja yakishindana, toka nje ya lami mapema, usisubiri honi, ila angalia kimo cha ukingo. Mahali pengine lami imeinuka, ukishuka kwa pembe finyu tairi inanasa.

Breki za rimu: raba mpya kabla ya safari, na ya akiba jozi moja. Kwenye mteremko usizishike mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Rimu inapata nafasi ya kupoa. Ukizishika kidogokidogo muda wote, joto linapanda hadi tyubu inapasuka, na rimu za kaboni zinaharibika kabisa. Baada ya mvua chokoa mchanga kwenye raba kwa pini, la sivyo utasikia mkwaruzo na rimu italika.

Siku ya tatu Kalenga, kilomita 15 tu, uende bila haraka. Ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ilikuwa hapo hadi Wajerumani walipoiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Aliendelea kupigana porini hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Fuvu lake, ambalo Mkataba wa Versailles wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia uliliwekea kifungu chake, cha 246, lilirudishwa 1954 enzi za Gavana Twining wa Kiingereza, na limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo. Mlambalasi kwenyewe ni mbali zaidi kwenye njia hiyo ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kwa tairi za 28 usijaribu changarawe yake, kodi bodaboda. Mchana unaobaki unakutosha kwa makumbusho ya Boma mjini na jiwe la Gangilonga, ambalo ukitaka kulifikia utembee kwa miguu.

Muda mzuri ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi kuna baridi kweli, beba koti jepesi la upepo na glavu za vidole vizima, maana vidole vikifa ganzi kwenye mteremko wa Ipogolo huwezi kubana breki.