Maswali ya Wasomaji: Amplifaya na DAC za Hedifoni

Nina hedifoni za Beyerdynamic DT 990 Pro, zile za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikizichomeka kwenye laptopu, sauti haipandi hata voliumu ikifika mwisho. Nimeshauriwa ninunue DAC na amplifaya ambazo kwa pamoja zinazidi bei ya hedifoni zenyewe. Ni lazima? (Msomaji, Morogoro)

Amplifaya, ndiyo. DAC, subiri kwanza. DAC hugeuza namba za kwenye faili kuwa umeme wa sauti, na amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Sauti ikiwa ndogo, kilichopungua ni volti, na DAC iliyomo ndani ya laptopu yako huenda ni nzima kabisa.

Piga hesabu kabla ya kutoa fedha. Mtengenezaji anasema hedifoni hizi hutoa desibeli 96 zikipewa miliwati 1, na kwa omu 250 hiyo ni nusu volti. Kila volti zinapoongezeka mara mbili, unapata desibeli 6 zaidi: volti 1 inakupa 102, volti 2 zinakupa 108. Ili vilele (sehemu zenye sauti kubwa zaidi) vya muziki uliorekodiwa kwa sauti ya chini vipite vizuri, lenga 110, yaani volti 2.5 hivi. Laptopu nyingi hazifiki hapo. (Hizo 110 ni za vilele vya mara moja moja tu. Kwa kusikiliza kwa muda mrefu, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usiozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.)

Sasa soma karatasi ya vipimo vya amplifaya kwa makini. Wauzaji hutangaza nguvu kwenye omu 32 kwa sababu namba huonekana kubwa, lakini wewe unahitaji ile ya omu 250 au 300. Ukiona miliwati 30 kwenye omu 300, hizo ni volti 3, nazo zinakutosha. Amplifaya za JDS Labs Atom na Schiit Magni zina ziada kubwa kuliko hiyo. Ukitaka DAC na amplifaya ndani ya boksi moja, tazama Topping DX3 Pro+ au FiiO K7.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kununua amplifaya peke yake na kuiunganisha na tundu la hedifoni la laptopu kwa waya wa jeki ya milimita 3.5 kwenda RCA (zile pini mbili, nyekundu na nyeupe). Weka voliumu ya laptopu juu, uishushe kidogo ukisikia inakwaruza, kisha tumia kirekebishaji cha voliumu cha amplifaya. Sauti ikiwa safi, fedha ya DAC imebaki mfukoni. Ukisikia mikwaruzo hata muziki ukiwa umesimama, hapo DAC ya nje ina kazi ya kufanya.

Kwa wenye hedifoni za Audio-Technica ATH-M50x (omu 38, desibeli 99 kwa miliwati 1), volti 0.7 zinatosha kufika hizo 110. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda jeki ya hedifoni, inayouzwa dola 9 huko Marekani, hutoa volti 1 na sauti yake ni safi kweli. Tahadhari mbili: ile iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutoa nusu ya hapo, na kwenye simu nyingi za Android sauti hubaki chini kwa kuwa simu haipandishi voliumu ya ndani ya adapta.

Amplifaya niliyoletewa imeandikwa kwamba ukinzani wa tundu lake la hedifoni ni omu 10. Ina madhara? (Msomaji, Nakuru)

Inategemea unachochomeka. Gawa omu za hedifoni kwa 8; ukinzani wa tundu usizidi jibu. Kwa hedifoni za omu 300 unapata 37, kwa hiyo 10 haina neno. Kwa za omu 32 unapata 4, na hapo besi inaweza kuvimba na kulegea. Iafoni (hedifoni ndogo za kuingiza sikioni) zenye spika ndogo kadhaa kwa kila sikio ndizo huharibika zaidi, kwa sababu omu zake hupanda na kushuka kulingana na noti. Zitafutie tundu lisilozidi omu 1.

DAC yangu ya USB imeunganishwa na spika zenye umeme wake. Nikisogeza mausi zinanguruma. Gemu ikianza ndiyo balaa. (Msomaji, Mombasa)

Huo ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini): kompyuta ina ethi yake, spika zina yake, na waya wa sauti umeziunganisha, kwa hiyo uchafu wa umeme wa kompyuta unapita humo. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, kisha hamishia DAC kwenye USB ya nyuma ya kompyuta. Ikiendelea, tumia waya wa optiki kama kompyuta na DAC zote zina tundu lake, kwani waya huo hupitisha mwanga na haupitishi umeme. Usiikate kamwe pini ya ethi. Watu hufanya hivyo na mngurumo huisha, lakini kifaa kikipata hitilafu, bodi yake ya chuma inabaki na umeme wa volti 240.

Ndugu yangu wa Marekani amenitumia amplifaya. Adapta yake imeandikwa 120V, na upande wa kutoa 16VAC. Nichomeke? (Msomaji, Arusha)

Usichomeke. Ndani yake mna transfoma ya kawaida; ukiipa volti 230 itapata moto na kuungua, na amplifaya inaweza kwenda nayo. Usiweke pia adapta ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) hata kama kichwa kinaingia, kwa kuwa amplifaya za aina hii hutengeneza volti chanya na hasi kutokana na umeme wa AC (mkondo geu). Agiza adapta ya AC ya volti 230 yenye volti zilezile za kutoa na ampea zisizopungua za ile ya mwanzo. Adapta iliyoandikwa 100–240V haina tatizo hili. Hiyo itafutie pini ya kuingia ukutani tu.